Oktoba na watoto watatu: tuache kipi, tushike kipi?

Mama Watatu (Leicester), 28 Septemba

Assalaam alaykum na habari zenu nyote. Naomba ushauri kwa wenzangu mnaolea, au mliolea, watoto wadogo katika nchi hizi za baridi, hasa ambao hamna shangazi wa kumwachia mtoto wala jirani wa kumpigia hodi asubuhi mapema.

Tunao watatu. Binti ana miaka saba, wa pili ana minne na ameanza darasa la awali mwezi huu, na kitindamimba wa miaka miwili huenda chekechea siku tatu kwa wiki. Baba yao hufanya zamu ya usiku kwenye ghala la mizigo: hutoka nyumbani saa tatu usiku, hurejea saa moja asubuhi, hunisaidia kuwavisha watoto, kisha hulala mpaka saa nane. Mimi nahudumia wazee katika makao yao kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa nane na nusu mchana, halafu nakimbilia lango la shule. Miezi mingine mpango huu hutubeba. Ikifika Oktoba haubebi tena.

Kwetu Tanga huu ni mwezi wa vuli, na mtu akitaja vuli hutazama mawingu na kuuliza kama mbegu ziko tayari. Hapa nimewafundisha watoto kuwa vuli ni majani kupukutika, ingawa kila nikilitamka neno hilo nahisi nimelivika koti la mtu mwingine.

Mwaka jana, mwezi ulipokwisha, nilikaa nikahesabu ujumbe wote uliotoka shule na chekechea ndani ya simu yangu, nikapata thelathini na moja, yaani mmoja kwa kila siku ya Oktoba. Hakuna hata mmoja uliohusu jambo kubwa. Kulikuwa na siku ya kuvaa njano, siku ya picha, kopo la chakula kwa sherehe ya mavuno, fomu ya ridhaa ya chanjo ya mafua, tangazo la chawa katika darasa la binti yangu, na nafasi za dakika kumi za kuonana na mwalimu, ambazo ukichelewa kuchagua zinabaki zile za saa uliyo kazini. Tuliagizwa pia tuokote majani ya rangi tano tofauti na kuyabandika kwenye karatasi. Hilo la majani ndilo watoto walilolitamani kuliko yote, nalo ndilo tulilolifanya kwa pupa, usiku, kwa tochi ya simu, chini ya mti wa jirani.

Kisha kuna maandazi. Oktoba hapa Uingereza ni Mwezi wa Historia ya Watu Weusi, unaoadhimishwa tangu 1987, na mwalimu wa binti yangu aliniomba kwa upole nilete kitu cha kwetu darasani. Nilikanda unga kwa tui na iliki baada ya watoto kulala, nikakaanga maandazi sitini mpaka saa sita usiku, madirisha yote wazi na baridi ikiingia, kwa sababu king'ora cha moshi kilikuwa kimeshalia mara mbili. Asubuhi niliyafikisha yakiwa na joto ndani ya taulo la jikoni, nikaambiwa mapokezi kwamba vyakula vilivyopikwa nyumbani havipokelewi kwa ajili ya watoto wenye mzio. Mwalimu alinitazama kwa haya. Naye hakuwa akijua. Nikaenda nayo kazini, wazee wakayala kwa chai na kuyasifu, lakini siku ile nilisinzia nimesimama.

Likizo ya katikati ya muhula ndiyo iliyotushinda zaidi. Ni wiki moja tu, lakini nyumba yetu ina vyumba viwili, mvua ilinyesha siku nne kati ya tano, na baba hulala mchana. Nilichukua likizo kazini, nikakaa sebuleni na watoto watatu nikiwanyamazisha tangu saa mbili hadi saa nane, kama watu wanaomlinda mgonjwa mahututi. Siku ya tatu baba aliamka mwenyewe, akakaa kwenye ngazi, akasema afadhali asilale kabisa kuliko kusikia wanawe wakinong'ona.

Halafu, Jumapili ya mwisho ya mwezi, saa zikarudishwa nyuma: saa nane usiku ikawa saa saba. Watu wazima hufurahi kwamba wameongezewa saa moja ya kulala. Kitindamimba, ambaye hajui saa, aliamka wakati wake uleule, na wakati huo sasa ulikuwa saa kumi alfajiri. Jua ambalo siku iliyotangulia lilizama kabla ya saa kumi na mbili, likazama kabla ya saa kumi na moja. Na mama yangu kule Tanga, aliyezoea kuwaona wajukuu kwenye simu saa mbili usiku, akaanza kungoja hadi saa tatu, akisinzia na simu mkononi.

Siulizi namna ya kufanya yote, kwa kuwa nimejaribu na nimeona. Ninachouliza ni kipi mmekiacha bila mtoto kudhurika wala kujiona tofauti na wenzake. Na wiki ya likizo, katika nyumba ndogo yenye mtu wa zamu ya usiku, mnaipitishaje? Na hili la saa, mnawalazaje?

Bibi wa Belgrave (Leicester), 28 Septemba

Waalaikum salaam, mwanangu. Tuko mji mmoja, ingawa Kiswahili changu kimetoka Kampala, na kabla ya hapo Mombasa alikozaliwa mama. Tuliingia nchi hii Oktoba 1972, Idi Amin alipowapa Wahindi siku tisini za kuondoka, nami nilikuwa na miaka kumi na miwili. Naikumbuka vizuri Oktoba ile: kambi ya jeshi, mabweni marefu, na koti nililopewa na akina mama wa kujitolea, ambalo lilinifika vifundoni. Halmashauri ya Leicester ilikuwa imetangaza katika gazeti la Uganda Argus kwamba mji umejaa, tusije. Tukaja. Sisemi haya ili kupima shida yako na yangu. Nasema kwa sababu mama yangu, mwenye watoto watano na kazi ya kiwandani, alikuwa na kanuni moja ambayo nami nimewalelea wanangu: saa ya kula na saa ya kulala haziguswi, awe mwalimu, awe mgeni, iwe sikukuu. Mengine yote ni hiari.

Ukiyatazama mambo yako kwa jicho hilo, mengi yatajishusha yenyewe. Siku ya njano inatoshwa na soksi za njano, na soksi za njano hukaa kwenye droo mpaka mtoto amalize shule ya msingi. Makopo ya mavuno ununue mapema, matatu ya maharage, uyafungie kabatini na uandike juu yake kwamba si ya kuliwa, kwa sababu usiku mmoja utaishiwa mboga na utayaona. Siku ya picha mtoto hupigwa picha hata usipofanya chochote. Suala la maandazi limeniuma, kwani najua kazi ya kukaanga usiku. Mwaka huu wakikuomba tena, waambie utakwenda mwenyewe kwa dakika ishirini kuwafundisha watoto kuhesabu kwa Kiswahili. Hakuna aliye na mzio wa namba.

Kikao cha mwalimu usikiache. Mambo mengine yote ya mwezi huo yanahusu shule. Dakika zile kumi tu ndizo zinazomhusu mtoto wako peke yake. Aliyeanza darasa la awali akiwa na miaka minne huwa amechoka sana ifikapo katikati ya Oktoba, na mwalimu anaweza kukueleza anavyochoka: kama hulia, au hukaa kimya, jambo ambalo mimi huliogopa zaidi.

Kuhusu likizo, kosa lilikuwa kukaa ndani. Makumbusho ya New Walk huingii kwa kulipa, na kuna mifupa ya dinosaria aliyechimbuliwa Rutland mwaka 1968, ambaye mjukuu wangu humsalimia kama mzee wa ukoo. Siku isiyo na mvua nendeni Bradgate Park mkawatazame kulungu, lakini kwa mbali, maana huo ndio msimu wa madume kupigana na hawana adabu. Na Diwali ikiangukia mwezi huo, waleteni kwetu waone taa za Belgrave Road. Giza la mapema watu hulilalamikia, lakini kwa mtoto wa miaka miwili ni neema: anaona taa zote na bado anawahi kitanda chake.

Mpita Njia (Reading), 29 Septemba

Hamkuitaja Halloween, ile jioni ambayo watoto hupita mlango kwa mlango wakiomba peremende kwenye nyumba zilizowekwa maboga na taa, nami nadhani ndiyo ya kwanza kuachwa na anayetaka kupumua. Sisi jioni ya tarehe 31 huzima taa ya mlangoni, hatuweki boga dirishani, na hakuna anayegonga. Watoto hula biskuti zao ndani na hawajawahi kuuliza.

Baba Pacha (Aarhus), 29 Septemba

Bibi, shikamoo. Mama Watatu, pole kwa Oktoba iliyopita. Mimi ni mtu wa Bukavu ninayeishi Denmark, nina pacha wa miaka mitano, na maelezo yako nimeyasoma kwa sauti mezani mke wangu akiitikia kila sentensi.

Hapa wiki zina namba, na kila mtu, tangu mwalimu hadi fundi bomba, atakuambia mtaonana wiki ya 42. Wiki hiyo ndiyo likizo ya vuli, ambayo wazee bado huiita likizo ya viazi, kwa kuwa zamani watoto walifungiwa shule ili wakavune viazi mashambani. Mwanzoni namba hizo zilinikera. Sasa nimebandika kwenye friji karatasi moja yenye wiki tano, na kila ujumbe kutoka shule unaandikwa pale siku unapofika, chini ya wiki yake, pamoja na herufi moja ya atakayeshughulikia: B ya baba au M ya mama. Bila herufi hiyo karatasi haina kazi.

Niruhusu niseme jambo ambalo Bibi, kwa heshima yake, amelipita. Umeandika kwamba ujumbe thelathini na mmoja ulikuwa ndani ya simu yako. Simu ya baba ilikuwa na mingapi? Nauliza nikiwa mkosaji wa zamani, si hakimu. Kwa miaka miwili mimi nilikuwa nikimwambia mke wangu nitakusaidia, niambie la kufanya, na sikuona kwamba kule kukumbuka la kuniambia ndiyo ilikuwa nusu ya kazi. Jambo lililoingia kwenye simu ya mama peke yake huwa la mama peke yake. Siku nilipowekewa programu ya shule kwenye simu yangu, ndipo nilipofahamu kwamba chekechea huomba soksi za akiba kila wiki. Mumeo yuko macho saa nane usiku, ana mapumziko ya kula, na fomu ya ridhaa haijali inajazwa saa ngapi. Nafasi za kuonana na mwalimu zikifunguliwa usiku, yeye ndiye atakayewahi.

Kuhusu mvua, hapa chekechea hutoa watoto nje kila siku inyeshe isinyeshe, na wachanga hulazwa usingizi wa mchana nje, ndani ya vigari vyao, wamefunikwa vizuri. Nilipoona mara ya kwanza nilitaka kuwaita polisi. Siri iko kwenye nguo: vazi la kipande kimoja lisilopitisha maji, linaloanzia kidevuni hadi kifundoni, na buti za mpira zilizozidi mguu kwa namba moja ili soksi ya sufu ipate nafasi. Ukiwa na vazi hilo, mvua ya siku nne si kifungo tena. Nunua la mitumba na uandike jina ndani, pamoja na kila glavu, kwa maana glavu za watoto hawa huzurura kuliko paka.

Muuguzi wa Zamu (Birmingham), 30 Septemba

Naongeza la magonjwa, kwa kuwa Oktoba ndipo yanapoanza kuzunguka madarasani na ndiyo huharibu ratiba iliyopangwa vizuri.

Kwanza chanjo ya mafua. Wa miaka miwili huchanjwa kwa daktari wa familia, na wale wa shule huchanjwa shuleni mzazi akiridhia. Kwa kawaida ni dawa ya kupuliza puani, haina sindano. Kwa kuwa umetusalimia kwa salamu ya Kiislamu, ni vyema ujue kwamba dawa hiyo ya puani ina jelatini ya nguruwe. Wapo Waislamu wanaoikubali kwa sababu ni tiba na wapo wasioikubali. Asiyeikubali anaweza kuomba chanjo ya sindano isiyo na jelatini, naye hupewa. Muhimu ni kusema mapema kwenye fomu, siyo siku yenyewe mtoto akiwa kwenye foleni.

Pili, jua lini mtoto abaki nyumbani na lini aende. Aliyetapika au kuharisha asirudi mpaka zipite saa 48 tangu mara ya mwisho. Mwenye tetekuwanga angoje mpaka vipele vyote vikauke na kuota magamba. Mwenye chawa haondolewi shule: unamchana kwa kitana chembamba nywele zikiwa na maji na losheni, na anakwenda. Mafua ya kawaida, kama anacheza na kula, vilevile anakwenda. Nimeona akina mama wakipoteza siku za kazi kwa makamasi, halafu siku ya homa ya kweli hawana tena pa kuomba. Sheria ya hapa inampa mwajiriwa haki ya kutoka kazini kwa dharura ya mtoto, lakini malipo ya muda huo ni hiari ya mwajiri, kwa hiyo soma mkataba wako kabla hujauhitaji. Na kitindamimba wako, kama hujaanza, mpe matone ya vitamini D, mikrogramu 10 kwa siku. Watoto wa mwaka mmoja hadi minne hapa hushauriwa kuipata mwaka mzima, nasi wenye ngozi nyeusi katika jua hili dogo tunaihitaji vilevile.

Kuhusu kurudi kwa saa, usingoje Jumapili. Ikiwa mdogo hulala saa moja usiku, Jumatano mlaze saa moja na robo, Alhamisi saa moja na nusu, Ijumaa saa mbili kasorobo, Jumamosi saa mbili. Jumapili saa mbili hiyo ndiyo saa moja mpya. Chakula cha jioni nacho kisogee vilevile, kwani tumbo lina saa yake. Akiamka alfajiri usiwashe taa wala kumpa simu. Mwache gizani, umjibu kwa sauti ndogo. Itachukua siku kadhaa.

Na kwa baba: nimefanya zamu za usiku kwa muda mrefu, na kelele za watoto hazijawahi kuniamsha kama ukimya unaokatizwa. Mwekee feni chumbani, iwe inavuma ukutani siyo usoni, na pazia zito. Watoto waacheni wacheze kwa sauti yao ya kawaida.

Mama Watatu (Leicester), 3 Novemba

Bibi, shikamoo, na nyote ahsanteni. Nimeona ni uungwana nirudi kueleza yaliyotokea.

Maneno ya Baba Pacha nilimwonyesha mume wangu bila kuongeza langu. Alinyamaza siku nzima, kisha akaomba nimwekee programu ya shule. Wiki ya pili alijaza fomu zote mbili za chanjo akiwa kazini, saa nane usiku, akanitumia picha kwa fahari, nami nikaona amechagua ile ya puani ambayo tulikubaliana tusiichukue. Amezijaza upya. Nafasi ya kumwona mwalimu aliipata ya kwanza kabisa, akaenda yeye mwenyewe, na akarudi na habari kwamba mtoto wetu wa darasa la awali hukaa kimya kila siku baada ya chakula cha mchana. Tumeacha masomo yake ya kuogelea mpaka Januari.

Feni imefanya kazi. Vazi la mvua tulilipata la mitumba kwa wawili, na siku mbili kati ya tano za likizo tulikuwa nje kwenye matope tangu saa tatu hadi saa sita, mpaka kitindamimba akalala kwenye kigari akiwa na jani mdomoni. Dinosaria amesalimiwa. Siku ya njano niliisahau kabisa, soksi nikazikuta kwenye droo jioni; binti yangu anasema wasiovaa walikuwa wengi.

Darasani nilikwenda. Kufika kumi walifika wote, ila waliipenda tano kuliko nyingine, na nasikia sasa wakifurahi hupigana viganja na kupiga kelele "tano".

Kuhusu saa, tulisogeza kama Muuguzi alivyoeleza, na Jumapili mdogo aliamka saa kumi na moja kasorobo. Si asubuhi, lakini si saa kumi. Mama tumemhamishia Jumamosi: kwake ni saa kumi na moja jioni, kwetu ni saa nane mchana, baba akiwa ameshaamka. Juzi binti yangu alimwonyesha jani jekundu la mti wa jirani, akalisogeza mpaka likafunika kioo chote cha simu, na mama akauliza mti huo unaumwa nini.